Mlima Uliopanda Ngazi

Fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza alikuwa na fagio mbili, mmoja wa chumbani na mmoja wa ngazi, na asubuhi hiyo alikuwa na ule wa ngazi. Alianza na majani ya mianzi, ambayo huanguka usiku kucha na kukwama kwenye kona za vidato. Kisha akafagia udongo mweusi ulioletwa na mizizi, akauzoa kwa kipande cha boksi na kuurudisha palepale mizizi ilipo, maana ukiutupa, mizizi huufuata mpaka jalalani na watu wa taka huja juu. Alipomaliza alimwaga maji ya kufulia kwenye kidato cha chini, juu ya vile vimaua vya zambarau vinavyopenda sabuni. Halafu akaketi kwenye mashine yake, mlango ukiwa wazi, akaendelea na suruali za sare za shule.

Jengo lenyewe lilikuwa la kawaida, ghorofa nne, rangi ya maziwa iliyochujuka, ngazi moja ya saruji katikati. Mlangoni kulikuwa na miti ya majani mapana na mitambaazi iliyoshika masanduku ya mita za umeme. Kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya pili ilikuwa mianzi. Baada ya mianzi yalikuja makangaga, na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi, ila hapa zilining'inia kwenye nyaya za simu, pamoja na ukungu uliokuwa ukishuka mchana na kuondoka watoto wakirudi shuleni. Juu kabisa, kwenye ghorofa ya nne, kulikuwa na nyasi za mashada, maua meupe makavu ambayo watu huyaita maua ya karatasi, na mti mmoja mfupi mnene wenye kichwa cha majani mfano wa kabichi iliyokosa adabu. Tangi la maji huko juu liliamka na barafu. Fundi bomba alikuja mara kadhaa kutazama bomba lililokuwa likiganda, akasema dawa yake ni kulivisha. Fundi cherehani akalishonea sweta, na tangu hapo maji yakatoka vizuri.

Wapangaji karibu wote walikuwa watu wa mlimani. Waliletwa mjini miaka mingi nyuma, mlima ulipofanywa hifadhi, wakapewa jengo hilo na kuambiwa wazoee. Wao walizoea. Mimea ndiyo iliyochelewa, kwa sababu ilibidi ivuke mashamba ya watu, reli na barabara kuu, na mimea haina haraka. Lilianza kuonekana kangaga moja, asubuhi moja ya mvua, limesimama kwenye zulia la mlangoni pa mtu. Mimea ni kama ndugu wa mbali: mmoja akishapata pa kulala, wengine hawangoji kualikwa. Hakuna aliyelalamika. Mwalimu mmoja wa ghorofa ya tatu alisema tu kwamba ukungu unamlowanishia madaftari, akapewa mfuko wa plastiki.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni kwa fundi.

"Karibu. Kama ni sare, hazijawa tayari."

"Si sare."

Fundi aliinua kichwa, akaiona fremu kabla ya kumwona aliyeibeba. Ilikuwa fremu ya mraba ya mbao, tupu katikati, pembe zake zimefungwa kwa waya, na ule waya aliufunga fundi mwenyewe akiwa msichana. Aliyeibeba kwapani alikuwa mwanamke wa makamo yaliyopitiliza, viatu vya kutembelea mbali, miwani kwenye kamba.

"Bi Mraba," fundi akasema, akaondoa mguu kwenye pedali.

Jina hilo alipewa mlimani. Alikuja huko binti mbichi wa chuo, mtaalamu wa mimea anayejifunza kazi, na mama yake fundi alimpokea nyumbani na kumlaza kitanda kimoja na bintiye. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu alikuwa na chombo chake mwenyewe na hakikulima. Kila asubuhi alitoka na fremu yake, akaitupa chini mahali fulani, akapiga magoti na kuandika kila mmea uliokuwa ndani yake. Hivyo ndivyo mlima unavyopimwa, mraba baada ya mraba, mpaka mtu ajue mmea gani unaishi na mmea gani na wapi jamii moja inaishia ili nyingine ianze.

Lakini kabla ya kuandika alikuwa akiinua kichwa na kusema kwa adabu, "Samahani, pisheni kidogo." Kivuli cha mtu huharibu rangi ya majani, mguu hukanyaga miche, na mbuzi hula kinachotakiwa kuhesabiwa. Watu walipisha. Mama yake fundi alipisha na mzigo wake wa kuni, wachungaji walipisha na mbuzi wao, watoto walikuwa na mchezo wao ulioitwa "pisheni." Walimpenda. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amefundishwa hivyo na watu waliofundishwa hivyo. Basi baada ya miaka ya kazi ile ikatoka ramani nzuri ajabu ya mlima, yenye kila ukanda na kila jamii ya mimea, na katika miraba yote hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja. Chini ya ramani pakaandikwa kwamba hii ni jamii asilia, haijaguswa na binadamu. Walioisoma ofisini wakauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza, kwamba je, hawa watu walioko huko wametoka wapi. Malori yakatumwa.

Bi Mraba alikuwa chuoni akisahihisha mitihani malori yalipopanda. Alikusudia kwenda kuwatafuta. Alikusudia mwaka ule na mwaka uliofuata, halafu akaolewa, akafiwa, akafundisha, na kila alipokumbuka alipata kazi ya kufanya.

"Umezeeka," fundi akamwambia.

"Na wewe."

"Mimi nimezeeka nimekaa, wewe umezeeka unatembea. Kaa basi."

Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Akaeleza kwamba ametumwa na Mkurugenzi wa Hifadhi, aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye amemtoa kwenye ustaafu kwa kazi hii moja. Kule mlimani hali si nzuri. Tangu watu waondoke, nyasi za aina moja zimeota mpaka kifuani na kuziba kila kitu. Kisha nazo zikaungua, na sasa pana mawe na upepo. Mimea yote iliyokuwa kwenye ramani haipo, na habari zimefika ofisini kwamba iko hapa, kwenye ngazi hizi.

"Ipo," fundi akasema. "Ingefanya nini kule peke yake?"

"Nimetumwa kupima kama ni jamii asilia."

"Ikiwa ni asilia?"

"Italindwa."

"Na sisi?"

Bi Mraba aliitazama fremu yake mapajani. Fundi akakata uzi kwa meno.

"Mama yuko juu," akasema. "Siku hizi jengo zima linamwita Bibi. Magoti yamekwisha, macho nusu, ulimi ndio bado mzima. Mlima ulipomfikia pale kitandani alilala usingizi ambao hajaulala tangu tuje. Ukienda kumwambia habari za kuhama, nenda mwenyewe. Mimi simo."

Bi Mraba alianza kazi kwenye ngazi ya ghorofa ya pili. Dereva wa lori la mizigo, mpangaji wa hapo, alikuwa kwenye siku yake ya mapumziko, amekaa kwenye kidato akimenya chungwa, makangaga yamemzunguka mpaka mabegani. Bi Mraba alimsalimia, akaweka fremu miguuni pake, akapiga magoti kwa taabu, na mdomo wake ukasema kwa mazoea, "Samahani, pisha kidogo."

Dereva akapisha. Alisogea vidato viwili juu na chungwa lake. Makangaga yakapisha pia. Yalichomoa mizizi kwenye nyufa za saruji bila papara, kama watu wanaoinua nguo kuvuka dimbwi, yakapanda na kujipanga upya kumzunguka dereva. Kuvu ya kijani ya ukutani ilifuata nyuma kwa sababu ndiyo nzito. Ndani ya fremu ikabaki saruji kavu na ganda moja la chungwa.

Bi Mraba aliisogeza fremu mahali palipokuwa na majani. Palikuwa na majani kwa sababu palikuwa na dereva. Akamwomba tena apishe, na ikawa vilevile.

"Ukiniondoa mimi umeyaondoa na haya," dereva akamwambia, akimkatia kipande cha chungwa. "Yamenizoea. Nikisafiri yanakaa mlangoni yakinuna, mke wangu anayamwagilia lakini wapi."

Bi Mraba alikula lile chungwa. Akashuka mpaka kwa fundi, akasimama mlangoni.

"Mbona mlimani haikuwa hivi?" akauliza. "Nilikuwa nikisema pisheni, mnapisha, na mimea inabaki."

"Kule ilijua tutarudi jioni," fundi akasema.

Bi Mraba alikaa kwenye kigoda cha wateja akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kilio cha mtu aliyekiahirisha muda mrefu, na fundi akampa kipande cha bitana cha kufutia uso kisha akaendelea kushona, kwa sababu sare zilikuwa za watu na shule ilikuwa inafunguliwa.

Alipomaliza kulia walipanda pamoja. Kwenye ghorofa ya tatu ukungu ulikuwa umeshuka, wakashikana mikono. Kwenye ghorofa ya nne fundi akavaa koti lililotundikwa kwenye msumari kwa ajili ya wageni, akampa Bi Mraba shali.

Bibi alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, amevaa koti kuukuu la dereva na kofia ya sufu. Ule mti wenye kichwa cha kabichi ulisimama ubavuni mwake, na miwani yake ilikuwa imetundikwa kwenye jani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hiyo sauti naijua, ni ya kupisha. Umekuja na mraba wako?"

"Nimekuja nao."

"Basi mimi leo sipishi. Uweke hapa."

Bi Mraba aliiweka fremu sakafuni. Bibi akainua mguu mmoja, akauingiza ndani, kisha akauinua wa pili kwa mikono yake miwili na kuuingiza pia. Maua ya karatasi yalisogea yakamjaa katikati ya vidole, na nyasi za mashada zikakaa kila upande. Hakuna mmea uliotoka.

"Sasa andika," Bibi akasema.

Bi Mraba aliandika nyasi za mashada, maua ya karatasi, Bibi.

"Andika vizuri. Andika na mguu wa kushoto unauma."

Akaandika.

"Nikwambie neno," Bibi akasema. "Mara ya kwanza nilishuka mlima kwa lori, nimepakatia kuku. Sikulia, nilijikaza kisabuni, nikasema maji yakimwagika hayazoleki. Sasa mlima, usio na magoti, umepanda ngazi zote hizi kunifuata. Niuambie nini, kwamba tushuke tena? Mimi nafia hapa, kwenye baridi yangu. Kawaambie hivyo waliokutuma."

"Nitawaambia, Bibi. Safari hii nitasema."

"Sema. Ila wewe una sauti ndogo tangu zamani."

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na dirisha kubwa, feni iliyopiga kelele, na ukutani ile ramani ya mlima kwenye kioo. Mkurugenzi alitoka nyuma ya meza kumpokea, akamsalimia shikamoo kwa mikono miwili, akamvutia kiti na kummiminia maji mwenyewe ingawa alikuwa na katibu wa kufanya hivyo. Alikuwa mtu mwema. Mtu yeyote aliyewahi kufanya naye kazi atakwambia hivyo, na atakuwa amesema kweli.

Bi Mraba hakumpa karatasi kwanza. Alimwambia kwa mdomo, kwa sauti kubwa kuliko aliyoizoea, kwamba jamii ile ni asilia kabisa, kwamba watu wamo ndani yake tangu mwanzo, na ukiwatoa watu umetoa vyote. Akamwambia kwamba ramani ile ukutani ina kosa, na kosa ni lake. Kila mahali palipokuwa na mtu yeye alimwomba apishe kwanza ndipo akaandika.

"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema. "Mimi ndiye niliyewafanya wasiwepo."

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Macho yalimlowa, akayafuta bila aibu.

"Mwalimu," akasema, "hii ndiyo kazi bora kuliko zote ulizofanya."

Akaita kamati siku ileile. Mwanasheria wa kamati alikuwa mwanamke mwenye mafua, aliyepitia sheria ya hifadhi huku leso ikiwa mkononi, na alitaka kwa dhati kupata njia. Sheria, akasema, inalinda kilicho asilia kwa kuondoa kisicho asilia. Sasa kama wapangaji ni sehemu ya jamii, vizuri, walindwe. Lakini sheria ina orodha mbili tu, ya mimea na ya wanyama. Wapangaji wako kwenye orodha ipi?

Bi Mraba alilirudisha swali kwenye jengo, akawauliza wenyewe. Lilizungumzwa ngazini jioni moja, watu wamekaa kwenye vidato. Orodha ya wanyama ilikataliwa moja kwa moja. Dereva alisema yeye aandikwe mti wa mbao ngumu, mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi alisema kangaga linamtosha, anapenda kivuli. Bibi alituma neno kutoka juu kwamba yeye ni kichaka.

"Kichaka cha baridi," akasisitiza. "Wasije wakaniweka chini na mianzi."

Kamati ililijadili ombi hilo kwa uzito unaostahili. Mjumbe mmoja, mpima ardhi, aliunga mkono. Mwanasheria akapiga chafya, akasema kwa masikitiko kwamba kichaka hakina kitambulisho cha taifa na Bibi anacho. Ili aandikwe kichaka itabidi akirudishe. Akikirudisha hatakuwa na anwani, na asiye na anwani haijulikani anaishi wapi, na kitu kisichojulikana kinaishi wapi hakiwezi kulindwa hapo kinapoishi. Feni ikaendelea kupiga kelele.

"Basi waacheni tu walivyo," Bi Mraba akasema. "Msilinde chochote. Wapo, mimea ipo, yatosha."

"Mwalimu, ni jamii ya mwisho ya aina yake," Mkurugenzi akasema. "Nikiiacha bila ulinzi na ikapotea nitajibu nini? Natamani ningekuwa na sheria nyingine. Ninayo hii moja."

"Mimea itaondoka nao."

"Tutaweka uzio."

Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema afanyweje mwenye nguvu aliye mpole, anayekushika mkono na kukusindikiza mpaka kwenye gari. Bi Mraba alisindikizwa hivyo. Siku hiyo hakwenda kwake. Alikwenda kwenye jengo akapanda mpaka juu, akamwambia Bibi kwamba amesema kwa sauti kubwa na haikusaidia.

Mti ule uliinamisha jani moja lenye miwani, Bibi akaichukua na kuivaa, akamtazama.

"Angalau umerudi kuniambia," akasema. "Mara ya kwanza hukuja."

Kazi ya kuhamisha watu ilipewa kampuni ya malori, na kampuni ikampa dereva wa ghorofa ya pili, kwa kuwa ndiye anayeujua uchochoro wa kuingilia. Alirudisha lori kinyumenyume mpaka mlangoni, akazima injini, akapanda kumsaidia mkewe kufunga magodoro. Watu walishuka na ndoo, majiko, vioo vilivyofungwa kwenye mashuka. Fundi alibeba mashine yake kichwani, na kabla ya kutoka alipanda hadi kwenye tangi akalivua bomba sweta.

Aliye juu mngoje chini. Wote walimngoja Bibi. Alishushwa kwenye kiti chake cha plastiki, fundi ameshika mbele na Bi Mraba nyuma, wakipumzika kila kona, na Bibi akiwaelekeza njia kana kwamba kulikuwa na njia nyingine. Alikuwa amesema atafia pale, na pale alikuwa anaondolewa. Alikuwa amepakatia rundo la nyasi za mashada kama alivyompakatia kuku zamani. Nyuma yao mti wa kabichi ulishuka kidato kwa kidato kwa uangalifu wa kitu kizito, ukafuatwa na maua ya karatasi, na kila walipopita ukanda mwingine nao uling'oka na kujiunga kwa zamu yake: makangaga, ndevu za kwenye nyaya, mianzi, mpaka vile vimaua vya zambarau vya sabuni. Hakuna aliyesukumana. Walinzi kwenye uzio walikuwa na amri kwamba asiingie mtu, hawakuwa na amri yoyote kuhusu kutoka, kwa hiyo walifungua geti na kulishikilia lisijifunge. Ukungu ulitoka mwisho. Kwenye makutano ulipotea kidogo, askari wa barabarani akasimamisha magari na kuuonyesha lori lilikoelekea.

Jengo likafungwa. Bango likawekwa kwenye uzio, HIFADHI, JAMII ASILIA YA MIMEA, HAIRUHUSIWI KUINGIA, na mlinzi mmoja akaajiriwa kudumu. Yupo mpaka leo. Asubuhi hufagia vidato vya saruji, ambavyo haviwi na kitu.

Mahali pao papya palikuwa nje kidogo ya mji, nyuma ya kinu cha kusaga unga, safu ya vyumba vya chini vyenye baraza moja ndefu. Hapakuwa na ghorofa. Mlima ulipaangalia siku ya kwanza ukiwa bado juu ya lori, kisha ukashuka na kulala chini. Mimea ilijipanga kwa urefu wa baraza, miti ya majani mapana kwenye chumba cha kwanza karibu na kinu, mianzi ikafuata, ukungu katikati, na chumba cha mwisho, cha Bibi, kikapata baridi na barafu kwenye beseni. Unga wa kinu ulitua kwenye majani na kuyafanya meupe. Bomba lilivishwa sweta lake.

Bi Mraba alikuja siku ya kwanza kusaidia kupanga vyombo, akalala kwa kuwa kiza kiliingia, na hakuondoka. Alichukua chumba cha pili kutoka mwisho, akakohoa wiki nzima mpaka akazoea. Alipangiwa kazi ya kumwagia vimaua maji ya sabuni. Fremu yake fundi aliiwamba turubai, akaitia miguu mifupi, ikawa kigoda cha Bibi cha kupumzishia mguu wa kushoto. Jioni walikaa wote watatu barazani, mti nyuma yao, na Bibi akawasimulia habari za watu waliokwisha kufa, akiwasema vibaya kwa upendo. Bi Mraba alikuwa na furaha ambayo hakujua kama ana haki nayo, lakini aliipokea.

Siku moja asubuhi Mkurugenzi akaja. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani ili gari lisiwasumbue, mkononi ana mfuko wa sukari kwa ajili ya Bibi, na kwapani fremu mpya ya bati jepesi inayokunjwa. Aliwaamkia mmoja mmoja. Alimuuliza Bibi habari za mguu. Alipita barazani polepole, kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, akigusa majani kwa ncha za vidole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkuta mgonjwa wake amepona.

"Imefika salama yote," akasema. "Sikulala, Mwalimu."

"Unajua itakavyokuwa," Bi Mraba akamwambia.

"Najua. Lakini lazima ipimwe. Nitaiambia nini kamati?"

Aliikunjua fremu yake. Akatafuta mahali pazuri, penye nyasi nyingi na maua mengi, na hapo palikuwa miguuni mwa Bibi. Akainama, akaweka mkono kifuani.

"Samahani Bibi," akasema, "naomba upishe kidogo. Na wewe Mwalimu, kama hutajali."

Bibi alimtazama kijana huyo, kisha akamgeukia Bi Mraba.

"Huyu ulimfundisha wewe?"

"Mimi."

"Ana adabu," Bibi akasema, akanyoosha mkono.

Bi Mraba alimshika, akamwinua, akampa bega. Wakasogea taratibu mpaka kwenye ukuta wa mwisho wa baraza, penye jua, na wakasimama hapo wameshikana. Nyasi zikaja, maua ya karatasi yakaja, mti wa kabichi ukachomoa mizizi yake na kuja nyuma yao na miwani kwenye jani. Mkurugenzi akaiweka fremu kwenye saruji iliyobaki, akapiga magoti, akatoa kalamu na kuanza kuandika.